Farasi Aujue Upinde Kwanza

Habari yenyewe ilisema hivi: kuna kijana wa bonde la upande wa pili wa mlima alikwenda kuwinda juu ya farasi, upinde begani, mishale kiunoni, vichwa vya mishale wazi. Farasi akashtuka. Kijana akaanguka, akaukalia mshale wake mwenyewe.

Niliisikia mikono yangu ikiwa ndani ya maji ya vyombo, Jumapili baada ya ibada, jikoni kwa wifi yangu Wilma. Wilma ni dada wa mume wangu Enos, na habari humfikia yeye kabla hazijatokea.

"Ulimwingia wapi?" mmoja akauliza.

"Pale pale anapokalia."

Jiko zima likacheka. Sisi Waamishi, Wakristo tusiotumia magari ya injini wala simu nyumbani, ibada yetu huchukua asubuhi nzima, na mabenchi yetu hayana pa kuegemea, kwa hiyo kila mwanamke pale alijua vizuri sehemu inayozungumziwa.

"Sasa kanisani anakaaje huyo?"

"Anasimama," Wilma akasema. "Askofu anamsifu kwamba siku hizi hasinzii."

Wakacheka tena. Mimi nilikuwa nafuta sahani. Niliifuta mpaka Wilma akaja kuninyang'anya.

"Wifi, hii ilikauka tangu mahubiri ya kwanza. Una nini wewe?"

"Jina lake nani huyo kijana?"

"Sikuambiwa jina."

"Alipona?"

"Wengine wanasema alipona. Orpha, usianze!"

Lakini nilikuwa nimeshaanza. Kabla hatujafunga farasi kwenye gari kurudi nyumbani nilikuwa nimeisikia kwa namna nyingine. Kwa mama mmoja mshale ulikuwa wa paja, mwingine akasema ulikata mshipa mkubwa na kijana hakufika kwao. Jina hakuna aliyelijua. Habari isiyo na jina ndiyo inayonitesa mimi, kwa sababu naweza kumtia mtu yeyote ndani yake, na usiku ule nilimtia Lamar.

Lamar ni mwanangu wa mwisho. Ana miaka ishirini na miwili na anafanya kazi na baba yake kwenye karakana, wanachonga vitanda na viti vya magogo. Kila Septemba, milima hii ya Montana ikianza kuwa ya manjano, akili yake inaondoka karakana inakwenda kwa elki. Kwa asiyemjua, elki ni kama kulungu, ila mwenye mwili wa fahali na pembe kama mti uliokauka. Mmoja akipatikana, chupa zangu za kuhifadhia nyama zinajaa mpaka masika. Basi sikatai uwindaji. Nimeolewa nao.

Ila miaka yote Lamar alikwenda na baba yake, na farasi alikuwa Sam. Sam ni mzee wa mlimani. Amebeba upinde, nyama, pembe, na siku moja alimbeba Enos akiwa amelala usingizi, akamfikisha nyumbani. Mwaka huu Enos aliteleza kwenye ngazi ya karakana na goti likavimba kama boga, na wiki hiyo hiyo Sam akatoka jipu kwenye kwato. Wakabaki Lamar na Biddy.

Biddy ndiye jike letu la kuvuta gari. Kanisani ni Biddy, dukani ni Biddy, msibani ni Biddy. Malori ya magogo yanampita barabarani yakinguruma na kumwaga maganda ya miti, yeye anaendelea na safari zake kama mama anayewahi kununua sukari.

"Kama haogopi malori, ataogopa nini?" Lamar akasema jioni ya kesho yake mezani.

"Kweli kabisa," Enos akasema, akapaka mkate wake jamu ya tufaha. "Sijawahi kuona farasi mtulivu kama yule. Wakati mwingine nahisi amekufa ila hajaambiwa."

Nami nikakubali. Naliandika hili waziwazi kwa sababu mtu yeyote wa kwetu angekubali. Farasi wa gari aliyezoea barabara, nani angemtilia shaka?

Mimi wasiwasi wangu ulikuwa kwenye upinde.

"Nionyeshe utaubebaje," nikamwambia Lamar.

"Mama, tunakula."

"Kula, halafu nionyeshe."

Akatoka nje akauvaa. Ni upinde wa siku hizi, mfupi, una magurudumu madogo kwenye ncha zake na kamba zinazopishana, na pembeni umefungwa podo dogo la mishale. Akautupia begani kamba ikapita kifuani, akapanda juu ya Biddy bila tandiko, akazunguka uani kichwa juu kama mtu anayepita mbele ya wasichana.

"Pita chini ya mti wa plamu," nikasema.

"Kwa nini?"

"Mlimani hakuna miti?"

Akapita. Tawi likaingia kati ya upinde na mgongo wake. Biddy akaendelea na safari zake, na mwanangu akabaki pale pale, miguu inaning'inia, amenaswa kama shati kwenye kamba. Enos alicheka mpaka akashika goti lake lile bovu akapiga kelele.

"Nishushe basi!" Lamar akasema.

"Kwanza ujibu," nikamwambia. "Biddy angekuwa anakimbia, ungekuwa wapi sasa?"

"Nishushe, Mama, nitajibu nikiwa chini."

Alipofika chini alisema basi, ataubeba mkononi. Nikamwuliza hatamu atazishika kwa meno? Akasema ataufunga mbele, kwenye pembe ya tandiko, kile kishikio cha mbele. Enos mwenyewe akakataa hilo: farasi akiinua kichwa ghafla, upinde unakuja usoni. Ndipo nikaingia ndani, nikafunua cherehani yangu ya kukanyaga.

Nyuma ya mlango kulikuwa na turubai nene jeusi, lililobaki tulipobadilisha paa la gari. Nikashona mfuko mpana wa kuumeza upinde mzima, wenye kifuniko, na kanda mbili za ngozi za kuufunga kwenye tandiko, ukae ubavuni kwa farasi, nyuma ya mguu wa mpandaji. Mishale niliitoa kabisa kwenye lile podo. Vichwa vyake ni nyembe, jamani. Nilijaribu kimoja kwenye kipande cha turubai na kikapita bila kuomba ruhusa.

"Hii haisafiri wazi," nikasema.

"Kila mtu anaibeba hivyo."

"Na yule kijana aliibeba hivyo."

"Kijana yupi? Mama, hata shangazi Wilma hajui jina lake!"

Enos aliinuka. Alichechemea mpaka karakana akarudi na kipande cha bomba nene la plastiki, lile la maji machafu, na vifuniko viwili. Kimoja akakibandika kwa gundi, kingine akakiacha cha kuzungusha. Chini akajaza sponji, vichwa vya mishale vikazama humo. Nikashona mkanda wa begani.

Lamar akakitazama kile kitu. "Nitaonekana fundi bomba."

"Elki hawajui mafundi bomba," Enos akasema. "Chukua."

Akachukua kwa sababu baba yake alimtazama, si kwa sababu yangu. Haidhuru.

Jumatatu iliyofuata aliondoka kukiwa kunapambazuka. Nilisimama mlangoni na shali yangu. Tandiko juu ya Biddy, mfuko wa upinde umefungwa ubavuni, bomba la mishale mgongoni kwa Lamar. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile nikavuta pumzi mpaka chini.

Biddy alitoka getini akitembea upandeupande, masikio yanazunguka nyuma, mbele, nyuma.

"Leo anacheza," Lamar akasema.

"Ni baridi," nikamjibu.

Wote wawili hatukujua tunachosema.

Jumatatu ni siku ya kufua. Kufikia saa nne nilikuwa nimejaza kamba yote: mashuka, suruali za Enos, nguo zangu za bluu, soksi kwa ukubwa wake. Nilikuwa nabana vazi la mwisho niliposikia kwato. Hazikuwa za mwendo wa kurudi nyumbani. Zilikuwa za mbio.

Biddy aliingia kupitia nguo zangu. Shuka la kwanza likamfunika kichwa, la pili akaondoka nalo shingoni kama bwana harusi wa nchi za mbali, vibanio vikaruka kama panzi. Akalizunguka banda. Kila hatua aliyopiga, kitu cheusi kilimpiga kwenye paja, na kila kilipompiga aliongeza mbio. Juu ya tandiko hapakuwa na mtu. Kile cheusi kilikuwa mfuko wangu, umeshikwa juu tu unaning'inia, na ulikuwa mtupu.

Nilimwita Enos. Sikumbuki nilisemaje, ila yeye anasema niliita jina la Lamar.

Alitoka karakana kwa magongo yake, akasimama katikati ya ua, akaanza kumsemesha farasi kwa sauti ya chini, kama anavyowasemesha wateja wanaolalamika. Biddy akapunguza, akasimama, anatetemeka, povu jeupe kifuani. Tukamvua tandiko na mfuko. Nikaupapasa ule mfuko ndani kana kwamba mwanangu angekuwa humo.

"Ameanguka," nikasema. "Ana mishale."

"Ina kifuniko, Orpha."

"Kama alikifungua?"

Enos akatazama mlimani, nami nikajua naye amefika hapo hapo.

Sasa tufanyeje? Simu ya jumuiya iko kwenye kibanda huko kwa Wilma, mbali, na njia yake si ya mlimani. Sam ana mguu mmoja hewani. Enos hawezi kutembea hata mpaka getini.

"Tumfunge Biddy kwenye gari," nikasema.

"Huyu? Mtazame! Atatuvunjavunja."

"Basi unamfunga nani? Mimi?"

Nikaleta lijamu ya gari. Ile ya kupandia, aliyoondoka nayo asubuhi, ni kamba tu za ngozi na chuma cha mdomoni. Ya gari ina vile vikingio viwili vya ngozi vinavyokaa kando ya macho, ili farasi aone mbele peke yake. Nikamvisha.

Biddy akashusha kichwa. Akatoa pumzi ndefu, midomo ikapiga prrr, na ile mitetemo ikakoma mgongoni mwake kidogokidogo. Mguu mmoja wa nyuma akaulegeza, kama anavyofanya akingoja nje ya duka. Alikuwa kama mtu aliyefika nyumbani akafunga mlango.

Mimi na Enos tukatazamana juu ya shingo yake.

Tulipoingia barabarani lori la magogo likatupita kwa kishindo. Biddy hata sikio hakulitikisa.

"Anayasikia kila siku," Enos akasema polepole. "Lakini hajawahi kuliona hata moja likija nyuma yake. Orpha, huyu farasi tangu tumnunue hajawahi kuona kitu kilicho mgongoni mwake. Hata gari hili analovuta hajui lina rangi gani."

"Lamar alipanda juu yake juzijuzi uani."

"Bila mfuko. Na hatua chache tu. Leo ametoka hapa macho wazi, na kitu cheusi kinamfuata kila aendako, kimeshikamana naye. Wewe ungefanyaje?"

Sikutaka kujua ningefanyaje. Nilitaka kumwona mwanangu. Tukapanda ile barabara ya wakata miti, mimi nimeshika hatamu, na kila kona nikimwona amelala kwenye majani, na kila kona hayupo, na Enos kando yangu anaita "Lamaaar!" mpaka ndege wanaruka.

Tulimkuta juu kidogo ya daraja la magogo. Alikuwa anashuka kwa miguu, upinde mkononi, bomba begani, kichwa hakina kofia, anatembea miguu imeachana kama bata wa Wilma.

Niliruka gari likiwa bado linatembea.

"Geuka!"

"Mama, niko salama."

"Nimesema geuka nione!"

"Mama, nina miaka ishirini na miwili!"

"Hata ungekuwa na sabini. Geuka!"

Akageuka. Suruali ilikuwa imechanika kutoka mfukoni mpaka karibu na goti, na kulikuwa na matope na sindano za misonobari, lakini damu, hata tone hakuna. Nilimshika kichwa nikambusu paji la uso mbele ya baba yake, jambo ambalo sisi hatufanyi sana. Halafu nikampiga kofi la begani, hilo tunafanya.

"Nimeukalia, Mama," akasema.

"Umekalia nini?"

Akavua bomba akanipa. Katikati lilikuwa limebonyea, na kile kifuniko cha kuzungusha kilikuwa na ufa kutoka upande mmoja mpaka wa pili. Enos akakifungua kwa kisu. Mishale yote ilikuwa mle, mizima, vichwa vimezama kwenye sponji.

Enos alirudisha kifuniko pole pole, kama mtu anayemfunika mtoto.

Ndani ya gari, akiwa amekaa kwa upande mmoja tu, Lamar akatusimulia. Njia nzima Biddy alikuwa anatembea kama amevaa viatu vya mtu mwingine. Yeye akasema atazoea. Karibu na kilele wakasikia elki dume analia, ule mlio wao unaoanza kama filimbi na kuishia kama mlango wenye kutu. Lamar akasahau mama, akasahau baba. Bila kushuka, akainama akafungua mfuko akauvuta upinde.

"Nikauvuta juu, mkono huu. Biddy akageuza shingo kuona. Mama, ungeuona uso wake! Ni kama mtu aliyefungua kabati akamkuta mtu ndani."

"Halafu?"

"Halafu mimi nikawa hewani."

"Na upinde?"

"Niliutupa mbali. Hilo ulinifundisha wewe."

"Mimi? Lini?"

"Nilipokuwa mdogo, na mkasi. Ukijikwaa, tupa."

Sikumbuki kumfundisha, lakini sifa hiyo nimeichukua.

Elki je? Alisimama, akasema Lamar, akatazama jambo zima kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kisha akaondoka bila haraka.

Nilidhani mlimani kumekwisha kwa mwaka huu. Usiku huo huo, amekaa juu ya mto niliomwekea, Lamar akasema atarudi Sam akipona. Sam hangepona kabla msimu haujafungwa. Nikaona anavyonitazama pembeni.

"Sema," nikamwambia.

"Biddy anaweza kufundishwa."

"Biddy ana kosa gani?" Enos akasema. "Kosa ni la waliompeleka harusini bila kumwambia nani anaolewa."

Ningeweza kukataza. Angetii, bado anakula kwangu. Lakini mwakani angekuwa na nyumba yake na farasi wake wa gari, na mimi ningekuwa jikoni kwa Wilma nafuta sahani kavu. Nikasema ataondoka siku ambayo Biddy atakula shayiri yake macho wazi huku upinde unatolewa na kurudishwa pembeni mwa jicho lake, pande zote mbili, asiache kutafuna. Na mwamuzi ni mimi.

Wakaanza kesho yake, jioni baada ya kazi. Kwanza mfuko uliwekwa tu chini, Biddy akazunguka akaunusa. Kisha ukapitishwa shingoni, mgongoni, mapajani. Kisha ukafungwa mtupu, akatembezwa kwa kamba. Aliruka, akaangaliwa tu, hakupigiwa kelele. Mchana, wao wakiwa karakana, niliendelea mimi. Upinde naogopa kuushika, kwa hiyo nilitumia ufagio. Nachomeka ufagio mfukoni, nauvuta juu, naurudisha, namsemesha, nampa kipande cha karoti.

Ndivyo Wilma alivyonikuta. Alisimamisha gari lake akanitazama muda mrefu.

"Wifi," akasema, "umeanza kuwinda buibui?"

"Namfundisha farasi."

"Kufagia?"

"Kutokuogopa kitu kilicho nyuma yake."

"Ukimaliza naye, jifundishe na wewe."

Alishuka hata hivyo, akafunga farasi wake. Nikamweleza yote. Akafikiri kidogo, kisha akauchukua ufagio mkononi mwangu akaanza kuvuta na kurudisha upande wa pili, anaimba wimbo wa kanisani. Mwanawe naye ana farasi wa gari, na naye anawinda.

Siku ilipofika, Biddy alikula shayiri yote na kulamba chombo huku Lamar anautoa upinde na kuurudisha mfukoni, pande zote mbili. Sikio moja lilikwenda nyuma, likausalimu, likarudi. Nikasema nenda.

Niliwaona wakitoka getini. Safari hii hakutembea upandeupande.

Sikufua siku ile. Nilioka mikate ya kutosha kijiji na nikasimama dirishani kila mara, na jua likiwa bado juu nikamwona Lamar anakuja, yuko chini, anamwongoza Biddy kwa kamba, na juu ya tandiko hakuna nyama. Kulikuwa na kofia yake ile iliyopotea, imetafunwa ukingo na mnyama asiyejulikana.

"Hukuwaona?" Enos akamwuliza.

"Nilimwona. Yule yule. Karibu kabisa." Lamar akamvua Biddy tandiko. "Nikashuka. Nikamfunga Biddy mtini. Nikatoa upinde, nikatoa mshale kwenye bomba. Nilipogeuka, alikuwa ameshakwenda zake."

"Kwa sababu ulikawia," nikasema.

"Kwa sababu nilishuka kwanza."

Alisema bila kunilaumu, na alikuwa anatabasamu kidogo.

"Basi leo maharage," nikamwambia. Nikaingia ndani haraka, maana macho yalikuwa yananisumbua.

Nyama ilipatikana baadaye, siku za mwisho za msimu, kwa kushuka vilevile. Biddy alibeba paja la elki kila upande na harufu ya damu haikumshtua, kwa sababu hata damu Enos alimnusisha kabla. Chupa zimejaa.

Lakini sikuandika haya kwa ajili ya nyama. Jumapili iliyopita tulikwenda kusali na wenzetu wa bonde jingine, na nikiwa nafuta vyombo mama mmoja nisiyemjua akanisogelea.

"Umesikia ya huko kwenu?" akaninong'oneza. "Kuna kijana amekalia mishale sita. Na farasi amekufa."

Nikatazama dirishani. Biddy alikuwa amefungwa kwenye uzio anasinzia. Lamar alikuwa kwenye benchi, anakula pai yake, kipande cha pili.

"Anakaa vizuri," nikamwambia.

Hakunielewa, na kabla sijamweleza alikuwa ameshahamia kwa mwingine. Ndiyo maana nimeamua kuandika mwenyewe, yenye majina, isomwe kwenye nyumba zote zenye vijana na farasi wa gari. Asiye na nafasi ya kusoma yote, haya ndiyo ya kuepuka:

Usivae upinde begani ukiwa juu ya farasi. Mti utakushika na farasi hatakungoja.

Usiufunge mbele ya tandiko, karibu na uso wako.

Usisafiri na vichwa vya mishale wazi, hata kwa mwendo mfupi. Bomba lenye vifuniko na sponji halina gharama.

Usiuache mfuko wa upinde ukining'inia. Ufunge mahali pawili, juu na chini, usipige paja la farasi.

Usimpeleke mlimani farasi wa gari kwa sababu tu haogopi malori. Mvue vikingio vya macho nyumbani, mwonyeshe mfuko, upinde na podo, mpaka ale bila kujali.

Usipuuze masikio yanayozunguka na mwendo wa upandeupande. Farasi hachezi.

Usitoe upinde ukiwa juu ya tandiko, hata elki akiwa karibu namna gani. Shuka, funga farasi, ndipo utoe.

Ukianguka, usiushikilie upinde. Utupe.